Shajara ya mradi: kufufua laptopu ya mwaka 2012 iliyokufa katikati ya kusasisha BIOS

Naandika kila hatua inapokamilika ili mwenye tatizo kama langu aweze kufuata. Kufungua skrubu na kurudisha vifuniko sitakueleza sana. Pale nilipokosea ndipo nitakapokaa.

4 Mei: Mgonjwa amefika

Mdogo wangu ameniletea laptopu yake. Kichakata ni Core i5 kizazi cha tatu, RAM gigabaiti 8, na betri ilikufa zamani, kwa hiyo inaishi kwa chaja. Alikuwa anasasisha BIOS, ile programu ya kwanza inayoiamsha mashine, akiwa ndani ya Windows, waya wa chaja ukatikisika, mashine ikazima. Tangu hapo ukibonyeza kitufe taa inawaka, feni inazunguka, skrini inabaki giza.

"Kaka, imekufa au imezimia tu?" Swali zuri, na jibu lake halipatikani kwa kubahatisha. Kabla ya kuilaumu BIOS nimeondoa watuhumiwa wengine: nimejaribu kipande kimoja kimoja cha RAM katika kila nafasi, nimeunganisha skrini ya nje, nimetoa diski, nimetoa betri ndogo ya CR2032 na kuiacha nje usiku mmoja. Hakuna kilichobadilika.

Nimejaribu pia njia ya dharura. BIOS nyingi za AMI, kampuni inayotengeneza BIOS, zina kipande kidogo cha kujiokoa: unaweka faili ya BIOS kwenye flashi diski iliyofomatiwa FAT32, unashikilia Ctrl na Home, unawasha. Nilichokuwa naangalia hasa ni taa ya flashi diski. Ikipepesa, maana yake kuna kitu ndani ya mashine bado kinasoma, na matumaini yapo. Yangu haikupepesa hata mara moja, kwa bandari zote tatu.

Feni kuzunguka kusikupe moyo. Feni na taa vinaendeshwa na chipu nyingine, kidhibiti cha kibodi na umeme, nayo katika ubao huu ina kumbukumbu yake yenyewe. Inaweza kufanya kazi vizuri kabisa huku BIOS haipo.

Gharama: jioni mbili.

7 Mei: Namba ya ubao, na herufi moja ya hatari

Nimefungua mashine yote. Mambo mawili nilikuwa natafuta.

La kwanza ni namba ya ubao mama. Jina lililopo kwenye mfuniko halitoshi, maana mtengenezaji huweza kuuza laptopu za jina moja zenye bao mbili tofauti, moja ikiwa na kadi ya picha ya ziada na nyingine haina. Namba ya kweli imechapwa juu ya ubao wenyewe kwa rangi nyeupe, mara nyingi karibu na nafasi za RAM au chini yake. Bao za Compal huanza na LA-, za Quanta huanza na DA0, za Inventec na 6050A. Piga picha namba hiyo pamoja na toleo lake, yaani ile REV inayofuata.

La pili ni chipu ya BIOS. Ni kitu kidogo chenye miguu minane, minne kila upande. Kwenye ubao huu iko chini ya kadi ya Wi-Fi, na kwa kioo cha kukuzia nimesoma maandishi: Winbond 25Q64CV. Hiyo 64 ni megabiti, kwa hiyo ni megabaiti 8, baiti 8,388,608 kamili. Ikumbuke namba hii, itarudi mara nyingi.

Soma maandishi mpaka herufi ya mwisho. W25Q64FV hutumia volti 3.3. W25Q64FW, ambayo kwa macho ni ileile, hutumia volti 1.8, na ukiipa 3.3 unaweza kuiunguza. Yangu ni CV, inakubali kati ya volti 2.7 na 3.6. Nimeitafuta karatasi ya maelezo ya chipu hiyo na kuihifadhi pamoja na picha.

11 Mei: Kifaa kinachosema 3.3 kumbe kinatoa 5

Kifaa nitakachotumia kusoma na kuandika chipu ya BIOS ni kile cheusi cha CH341A kinachochomekwa kwenye USB. Kinafanya kazi vizuri, lakini kina kasoro inayojulikana kwa mafundi. Nimeipima mwenyewe kwa multimita kabla ya kuunganisha chochote: mguu wa umeme wa chipu unapata 3.3 sawasawa, ila miguu ya data inapanda mpaka karibu volti 5. Wako watu wamekitumia hivyo hivyo na chipu zao zikapona. Mimi sikutaka, kwa sababu chipu ikiwa bado ipo ubaoni, volti hizo 5 haziishii kwenye chipu tu, zinafuata njia mpaka kwenye chipseti, chipu kubwa inayokiunganisha kichakata na vifaa vingine.

Dawa yake ni kuinua mguu namba 28 wa CH341A kutoka kwenye ubao wake, kisha kuuunganisha kwa waya mwembamba na mahali penye 3.3, pamoja na mguu namba 9. Kwa maneno inachukua dakika kumi. Mimi ilinichukua usiku mzima, maana risasi ya kulehemu ilimwagika ikaunganisha mguu wa 28 na wa 27, na nilipoikausha kwa utepe wa shaba nilikuwa nimetumia joto jingi kiasi cha kuogopa kuwa nimekiua kifaa. Kikapona. Nilipopima tena, miguu yote ikatoa 3.3. Kama una kifaa chenye swichi ya kuchagua volti, ruka hatua hii, lakini bado pima.

Gharama: usiku mmoja, na waya kidogo.

12 Mei: Klipu, na kusoma kusikokubaliana

Nimetoa chaja, nimetoa CR2032, nimebonyeza kitufe cha kuwasha kwa nusu dakika ili umeme uliobaki utoke. Kisha nimeibana chipu kwa klipu ya miguu minane. Nukta ndogo iliyochongwa kwenye kona ya chipu ndiyo mguu wa kwanza, na waya mwekundu wa klipu unakaa hapo. Ukigeuza, unapeleka umeme kwenye ardhi.

Natumia flashrom, programu ya kusoma na kuandika chipu, kwenye Linux. Amri ya kusoma ni hii:

`flashrom -p ch341a_spi -r soma1.bin`

Jaribio la kwanza: hakuna chipu iliyoonekana. Nikasafisha miguu kwa spiriti na brashi ya meno, maana ilikuwa imepakwa vanishi. Jaribio la pili chipu ikatambuliwa, ikasomwa mpaka mwisho, nami nikafurahi. Hapa ndipo ningeharibu kila kitu kama ningeendelea. Nikasoma mara ya pili na ya tatu, nikalinganisha kwa sha256, alama ambayo hubadilika faili ikitofautiana hata baiti moja:

`sha256sum soma1.bin soma2.bin soma3.bin`

Faili tatu, alama tatu tofauti. Nilipohesabu tofauti kati ya ya kwanza na ya pili kwa `cmp -l`, zilikuwa baiti elfu kadhaa. Chipu haijabadilika kati ya dakika ya kwanza na ya tatu, kwa hiyo angalau mbili kati ya hizo ni uongo, na pengine zote tatu.

Nikajaribu bandari ya USB ya kompyuta yangu moja kwa moja badala ya kigawanyio cha USB. Nikafupisha waya. Nikabana upya mara nane au tisa. Tofauti zikapungua ila hazikuisha. Mwishowe nikaweka ncha za multimita kwenye mguu wa 8 na wa 4, yaani umeme na ardhi ya chipu, huku klipu ikiwa imebana: volti 2.4. Ubao wote ulikuwa unanyonya umeme kupitia mguu mmoja wa chipu. Kifaa kidogo kinataka kulisha chipu, kumbe kinalisha na majirani wake wote.

Sikuandika chochote leo. Ukishindwa kusoma kwa uaminifu, kuandika utaandika vipi? Kila baiti iliyomo humo, hata kama nusu yake imeharibika, ni ya mashine hii peke yake na haipo popote pengine duniani.

Gharama: saa tano.

18 Mei: Chipu imetoka ubaoni

Nimeamua kuing'oa. Tarehe 26 Aprili 1999, kirusi cha CIH kilipofuta BIOS za watu, kompyuta nyingi za mezani zilikuwa na chipu iliyochomekwa kwenye soketi, ukiichomoa kwa mkono na kuweka nyingine. Kwenye laptopu hii imelehemiwa moja kwa moja, na mfuniko hauachi nafasi ya soketi.

Nilizungushia eneo lote utepe wa Kapton unaostahimili joto, nikapaka flaksi ya kusaidia risasi itiririke kwenye miguu, nikawasha hewa moto kwa nyuzi 330, nikazungusha polepole kutoka juu mpaka risasi ikaanza kung'aa. Usiivute chipu. Iguse kwa kibano, ikiwa tayari itasogea yenyewe kama inaelea.

Ilitoka safi. Ila nilipoondoa utepe nikaona nafasi tupu pembeni: kapasita ndogo kama punje ya chumvi haikuwepo. Hewa ilikuwa imeipuliza, kwa sababu utepe wangu uliishia milimita mbili kabla yake. Niliitafuta kwa tochi kwa muda wa saa moja na kuipata imeganda kwenye kona ya nafasi ya RAM. Nimeirudisha. Ningekuwa nimeiwasha mashine bila kujua, ningetafuta kosa kwenye BIOS kwa wiki nzima wakati kosa liko kwenye punje hiyo. Piga picha ya ubao kabla ya kuweka joto, karibu kabisa, kisha ulinganishe baada ya kumaliza.

Nimeagiza pia chipu mbili mpya za aina ileile. Chipu ya asili sitaiandika kabisa. Majaribio yote yatafanyika kwenye mpya.

19 Mei: Ndani ya chipu

Chipu ikiwa kwenye kifaa, peke yake, kusoma kumekuwa jambo la dakika chache. Mara tatu, alama tatu za sha256, zote sawa. Nimeiita asili.bin na kuihifadhi sehemu tatu.

Nimeifungua kwenye kihariri cha heksi, kinachoonyesha faili baiti kwa baiti. Mwanzoni, kwenye anwani 0x10, kuna baiti 5A A5 F0 0F. Hiyo ni saini ya ramani ya Intel, inayoeleza chipu imegawanywaje. Kwa `ifdtool`, programu inayoisoma ramani hiyo, ramani yangu imetoka hivi:

`00000000:00000fff fd`
`00001000:00002fff gbe`
`00003000:0017ffff me`
`00180000:007fffff bios`

Kwa hiyo BIOS yenyewe ni sehemu tu, megabaiti 6 na nusu. Eneo la gbe ni la kadi ya mtandao wa waya, na baiti zake sita za kwanza ndizo anwani ya MAC, namba inayoitambulisha mashine kwenye mtandao. Nimezilinganisha na kibandiko kilicho chini ya laptopu, zimelingana. Eneo la me ni la kompyuta ndogo ya Intel iliyo ndani ya chipseti, na programu ya ME Analyzer imelitambua kuwa toleo la 8, zima, halina jeraha.

Kisha nikashuka mpaka mwisho, na hapo nikaona ajali yenyewe. Kuanzia 0x740000 mpaka baiti ya mwisho ni FF, FF, FF, ukurasa baada ya ukurasa. Chipu za aina hii ukizifuta kila biti hugeuka 1, na ndiyo maana sehemu iliyofutwa husomeka FF. Programu ya kusasisha ilikuwa imefuta kilobaiti 768 za mwisho na haikuwahi kuandika chochote juu yake. Kichakata cha aina hii kikiamka huchukua amri yake ya kwanza kwenye baiti 16 za mwisho za chipu. Hiki kiliamka kikakuta FF. Kile kipande cha kujiokoa cha Ctrl na Home nacho kilikuwa humohumo kwenye sehemu iliyofutwa, ndiyo maana taa ya flashi diski haikupepesa.

Nilikaa nikaangalia zile FF kwa muda mrefu. Ni nadra kosa likaonekana kwa macho namna hii, likiwa na mwanzo na mwisho.

25 Mei: Faili iliyotosha kwa ukubwa tu

Hapa nimepoteza wikendi, na nataka nieleze vizuri kwa sababu kosa lenyewe lina mantiki yake.

Faili ya mtengenezaji nilikuwa nayo. Nimeifungua kwa 7-Zip, ndani kuna faili mbili za BIOS kwa bao mbili. Nilichagua kwa namba ya ubao. Lakini ukubwa wake ni baiti 6,817,792, haulingani na chipu, wala haulingani na eneo la bios. Nikadhani imefungwa kwa namna nisiyoweza kuifungua. Wakati huohuo nilikuwa nimepata kwenye intaneti nakala nzima ya chipu kutoka kwenye ubao wa namba ileile. Baiti 8,388,608 kamili. Nikaiamini kwa sababu imetosha.

Nimeiandika kwenye chipu mpya, nimelehemu, nimewasha. Skrini ikawa giza, mashine ikajizima na kujiwasha mara mbili, kisha nembo ikatokea. Nilimpigia mdogo wangu hapo hapo. Nikamwambia amekwisha kupona.

Baada ya nusu saa ikazima. Nikawasha, nikaweka saa: dakika 30, ikazima. Mara ya tatu vilevile, hata nilipoiacha kwenye menyu ya BIOS bila diski. Joto ni la kawaida, chaja ni nzima. Kitu kinachozima kwa dakika 30 kamili si joto wala waya, ni hesabu ya mtu. Nikairudia ile nakala ya intaneti na kuifungua kwenye heksi, jambo ambalo ilipaswa nilifanye kabla ya kuiandika. Kuanzia 0x3000 mpaka 0x17FFFF ni FF tupu. Eneo lote la me halimo.

Chipseti za Intel za kizazi hiki zisipopata ME yenye afya huiacha mashine iende dakika 30 kisha huizima. Aliyetoa nakala ile huenda aliisoma akiwa ndani ya mfumo endeshi, mahali ambapo eneo hilo kwa kawaida limefungwa, na programu yake ikajaza FF palipomshinda. Na anwani ya MAC iliyokuwa humo ilikuwa ya mashine ya mtu mwingine. Mashine mbili zenye MAC moja zikikutana kwenye mtandao mmoja zinagombana, na hakuna atakayekumbuka chanzo.

Gharama: chipu imelehemiwa na kung'olewa tena, siku mbili, na ahadi niliyompa mdogo wangu kabla ya wakati. Hiyo ya mwisho imeniuma zaidi.

26 Mei: Kupandikiza

Nilichohitaji kilikuwa mezani kwangu tangu tarehe 19. Ramani, gbe na me vya asili ni vizima. Kilichokufa ni sehemu ya bios, na ya mtengenezaji ninayo. Nikaishika ile namba ya ajabu, 6,817,792, nikatoa ukubwa wa eneo la bios, 6,815,744. Kinachobaki ni 2,048. Faili haikuwa imefungwa, ilikuwa imevishwa kofia ya baiti 2,048 mbele yake. UEFITool, programu ya kuchambua faili za BIOS, imethibitisha: kofia ya AMI, heksi 800. Hesabu ya kutoa moja tu, na ilikuwa inanisubiri wiki nzima. Nimekata na kupandikiza kwa dd, amri ya Linux ya kunakili baiti kutoka na kwenda mahali unapotaja:

`dd if=mtengenezaji.cap of=bios_safi.bin bs=2048 skip=1`
`cp asili.bin mpya.bin`
`dd if=bios_safi.bin of=mpya.bin bs=64K seek=24 conv=notrunc`

Hiyo 24 ni 0x180000 ikigawanywa kwa kilobaiti 64. Kofia yako inaweza kuwa na ukubwa mwingine au isiwepo kabisa, kwa hiyo usinakili namba zangu, nakili hesabu. Baada ya hapo nimehakiki vitu vinne: ukubwa ni 8,388,608, saini iko kwenye 0x10, MAC iko kwenye 0x1000, na baiti 16 za mwisho si FF.

`flashrom -p ch341a_spi -w mpya.bin`

Baada ya kuandika, flashrom husoma tena na kulinganisha yenyewe. Subiri mpaka iseme imehakikisha. Usichomoe kwa sababu asilimia zimefika mia.

Nimelehemu. Imewaka. Nimeiweka saa na sikumpigia mtu simu. Dakika 30, 31, 40, saa mbili. Haikuzima.

1 Juni: Mashine isiyojijua

Nilitaka kufunga, kisha nikaangalia menyu ya BIOS kwa utulivu. Mahali pa namba ya mashine pameandikwa "To Be Filled By O.E.M." Yaani mtengenezaji aijaze, na hakuna aliyeijaza. UUID, namba ya kipekee ambayo programu huitumia kuitambua mashine, nayo ni ya kubuni.

Inafanya kazi, ndiyo. Lakini programu zenye leseni iliyofungwa kwenye UUID zitaiona kama mashine nyingine, na kwenye laptopu zilizouzwa na Windows 8 au zaidi ufunguo wa Windows nao hukaa humu ndani. Mashine ya mtu unairudisha na jina lake. Sikuifunga.

Kwenye BIOS hii utambulisho huo umo kwenye NVRAM, sehemu inayohifadhi mipangilio, kilobaiti 128 za mwanzo za eneo la bios. Faili ya mtengenezaji ina NVRAM tupu, na mimi niliimwaga juu ya ile ya asili. Nikatafuta namba ya mashine ndani ya asili.bin, ikaonekana, imekaa salama mbali na sehemu iliyofutwa. Basi ni kuirudisha:

`dd if=asili.bin of=mpya.bin bs=64K skip=24 seek=24 count=2`

Nikaenda kuandika, flashrom ikakataa: faili ina baiti 1,703,936, chipu inataka 8,388,608. Nilikuwa nimesahau `conv=notrunc`. Bila neno hilo, dd hukata faili pale inapoanza kuandika, kisha huongeza vipande vyake viwili tu, na kila kilichofuata kimepotea. Kwenye amri ya tarehe 26 nisingeona madhara hata ningelisahau, kwa sababu ile iliandika mpaka mwisho wa faili. Hii iliishia katikati, ikabakiza vipande 26 na kutupa vilivyobaki. Nashukuru flashrom inapima ukubwa. Nimeunda mpya.bin upya kutoka mwanzo, nikaweka `conv=notrunc` kwenye amri zote mbili, nikahakiki vile vitu vinne pamoja na cha tano, namba ya mashine.

Hii ni mara ya tatu joto linapiga sehemu ileile, na shaba ya chini ya mguu wa tatu imeanza kunyanyuka pembeni. Nimeshusha hewa mpaka 310, nikaongeza flaksi, nikalehemu mguu huo wa mwisho kwa chuma chembamba. Umeshika. Kama ungekatika ningevuta waya mpaka kwenye resista iliyo karibu, lakini pasingebaki nafasi ya jaribio la nne.

2 Juni: Imekaa

Namba ya mashine inalingana na kibandiko. MAC inalingana. UUID ni ileile iliyokuwepo kwenye ripoti ya zamani aliyokuwa nayo mdogo wangu. Toleo la BIOS ni jipya, lile alilokuwa analitaka tangu mwanzo. Nimeiendesha saa nne ikisimba video na kukokotoa, nimeilaza na kuiamsha mara kumi, nimejaribu kibodi, mwangaza wa skrini, sauti, Wi-Fi na bandari zote. Tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi, nimeirekebisha na kuweka CR2032 mpya.

Hesabu ya mradi: wiki nne za jioni na wikendi, chipu mbili zilizonunuliwa na moja kutumika, utepe wa Kapton, flaksi, betri moja ndogo. Nikigawa saa zilivyokwenda, kazi yenyewe haikuzidi siku mbili. Zilizobaki zilikwenda kwenye klipu na kwenye ile faili ya intaneti.

Mdogo wangu amekuja kuichukua jioni. Betri kubwa bado haina, na tumekubaliana kuwa asisasishe BIOS tena mpaka inunuliwe nyingine. Chipu ya asili, yenye zile FF zake, nimeiweka kwenye kimfuko cha kuzuia umeme tuli, nimeandika juu yake namba ya ubao na alama ya sha256, na nimempa aondoke nayo.